Sungura Hawakufa kwa Majani

Rumonge, jioni ya kuamkia safari yako

Goreti mwanangu,

Umekwenda kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua hatakuachia utoke bila kula, kwa hiyo nina muda. Nimekaa dirishani, miguu nimeinyoosha juu ya ndoo iliyopinduliwa kama ulivyonielekeza, ingawa imevimba vilevile. Ukiona herufi zinalala, ujue ni mkono uliochoka. Kichwa bado kiko sawa.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichozoea mimi na wewe tangu tulipokuwa wakimbizi Tanzania. Kirundi chako bado kinakwama ukikasirika, na Kifaransa changu ni cha ofisini tu, hakiwezi kubeba haya.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala za kuchagua nyumba isiyovuja, wala za wanaume wa Nyanza-Lac. Hayo shangazi yako ameshakupa yote, na kesho asubuhi atayarudia. Nakuandikia kwa sababu ya jambo ulilolisema mezani siku ulipopata kazi. Ulikuwa na furaha. Ulisema ushirika wa kule Nyanza-Lac umekubali kulisha sungura kwa mabaki ya machinjioni, na kwamba wewe ndiye utakayesimamia. Kisha ukasema, "Baba, nitafanya kile ulichokianza. Safari hii hakuna mulozi wa kutuharibia." Ukacheka, nami nikacheka. 

Hakukuwa na mulozi, Goreti. Sasa nimeandika, na sentensi hii siwezi tena kuirudisha. Nikueleze jinsi ilivyokuwa.

Tuliporudi kutoka Tanzania, mimi nilikuwa mtu mwenye vyeti vya ufugaji na asiye na ng'ombe hata mmoja. Shamba la babu yako tulilikuta limekwisha kugawanywa, tukabakiwa na kipande kile nyuma ya nyumba. Watu waliobaki hapa walinisikiliza nikiongea Kiswahili changu cha shule wakawa wanatabasamu. Sikulipenda lile tabasamu. Nilitaka wanione nikifanya kitu ambacho hawakuwa wamekiwaza, na nilikipata machinjioni.

Unapajua pale. Damu ilikuwa ikitiririka kwenye mfereji kuelekea ziwani, na yale majani yaliyosagwa nusu, yanayotoka kwenye tumbo la ng'ombe likipasuliwa, yalirundikwa nyuma ya ukuta, mbwa na inzi wakigawana. Mimi niliona chakula. Chuoni tulifundishwa kwamba damu ina nguvu ya kukuza mnyama kuliko punje yoyote, na kwamba majani ya tumboni huweza kuinywa kama sifongo. Nilichanganya vyote viwili kwenye pipa, nikachemsha nikikoroga mpaka ikawa kama ugali mweusi, nikatandaza juani kwenye shitingi, zile turubai tulizorudi nazo kutoka kambini. Ikikauka naitwanga, nachanganya na pumba za mchele na mashudu ya mawese. Wachinjaji walinicheka kila nilipokwenda na ndoo zangu. Mmoja alikuwa akiniambia, "Mwalimu, sungura zako zitaanza kubweka." Mwingine akamjibu kwamba zikibweka ni vizuri, zitalinda nyumba. Mama yako, ambaye kanisani kwake damu hailiwi, aliniuliza kama sungura aliyelishwa damu bado ni nyama safi. Nilimjibu kwa maneno marefu ya kitaalamu. Hakuuliza tena, lakini nyama ile hakuila.

Sungura walikuwa wako. Hilo nataka ulikumbuke, maana mimi nilikuwa wa kwanza kulisahau. Hapa kwetu sungura ni mifugo ya mtoto. Mtu mzima ana mbuzi, akijaliwa ana ng'ombe. Mtoto anakata majani, anafuga sungura, anauza mmoja shule zikifunguliwa. Ulikuwa na miaka tisa na ulikuwa umejinunulia sare. Nilipotaka wa kujaribia chakula changu, sikukuomba. Nilikuambia tu kwamba wale wadogo walioachishwa kunyonya watakuwa wangu kwa muda, na majike mawili yabaki yako, uendelee kuwapa majani. Ulikwenda kukata majani. Nilidhani umekubali.

Mwanzoni kilifanya kazi. Hilo si uongo. Kiangazi kile walinenepa mpaka majirani wakawa wanakuja kuchungulia vizimbani, na wale waliokuwa wanatabasamu wakaacha kutabasamu. Habari ikafika kwa watu wa mradi mmoja wakatuma salamu kwamba watakuja kuona. Siku yenyewe ikapangwa wakati mvua zimeshaanza.

Wiki ile mvua haikupumzika. Shitingi niliitandaza na kuikunja, nikaitandaza na kuikunja. Chakula hakikukauka. Nilipoingiza mkono katikati ya lundo nilikuta joto, kama mtu mwenye homa. Pembeni kulikuwa na ukungu, mweupe, na mahali pengine wa kijani. Harufu ilikuwa ile ambayo mwalimu wetu alitunusisha darasani ili tusiisahau maisha yetu yote. Sikuwa nimeisahau. Nilijua ninachokishika.

Nilikwangua juu, nikatupa kile kilichoonekana, kilichobaki nikakitwanga na pumba nyingi ili harufu ipungue. Halafu nikawaongezea kipimo, kwa sababu nilitaka wageni wakija wakute matumbo yamejaa. Nikajiambia kwamba ni usiku mmoja tu.

Jioni ile ile wewe ulikuja na mzigo wa majani ya viazi vitamu. Yalikuwa mabichi, mazuri, umeyabeba kichwani. Uliyagawa kwenye vizimba vyote, kwa wadogo na kwa majike yako pia, maana hukuona sababu ya kuwabagua. Nilikuwa nimesimama pale pale. Niliyaona yakiliwa.

Asubuhi wadogo wote walikuwa wamelala ubavu, matumbo yamejaa kama ngoma, na majike mawili yalikuwa yanatafuna mabaki ya majani ya viazi.

Soma tena hapo, mwanangu, kwa sababu hukuwahi kuliona. Ulikuwa bado umelala. Waliokula majani tu walikuwa wazima. Ilinichukua muda mfupi sana kuelewa, na muda mfupi zaidi kuamua. Niliyatia majike yako kwenye gunia nikampa dereva wa pikipiki ayapeleke kwa rafiki yangu njia ya Bugarama. Ulipoamka ukauliza majike yako yako wapi, nilikuambia yamekufa pia, nimeshayazika. Uliwalilia. Siku ile walikuwa wanakula majani kwenye nyumba ya mtu mwingine.

Majirani walikuja, kama watu wanavyokuja. Walisimama kwenye vizimba wakitikisa vichwa, na mmoja akauliza walikuwa wamekula nini. Swali lilikuwa langu kulijibu. Mimi nikageuka kwako, mbele ya wote, kwa sauti ya upole kabisa, nikasema, "Goreti, majani ya jana uliyachuma wapi?"

Ukasema, "Kwa Mama Zawadi."

Sikumshtaki mtu. Kwa miaka mingi nilijifariji kwa hilo, kwamba mimi niliuliza tu. Lakini nilikuwa najua jibu kabla ya kuuliza. Ulikuwa unakwenda kwake kila siku, wewe na Zawadi mwanawe mlikuwa kama mapacha. Nilijua pia ni nani: mwanamke aliyevuka kutoka Kongo, upande wa Fizi, hana mume, hana ukoo hapa, anauza ndagala, dagaa wa ziwa hili. Na nilijua neno gani lingefuata: mulozi. Kwa Kirundi na kwa Kiswahili cha watu wa Kongo, neno hilo moja linabeba vyote viwili, anayetia sumu na anayeroga, na likishamkaa mtu hakuna ofisi ya kwenda kuliondolea. Kuna mtu nyuma yangu alilisema, taratibu, kama anasema habari za mvua. Sikugeuka kuangalia ni nani.

Mama Zawadi alifika mwenyewe kabla ya adhuhuri. Alikuwa amesikia sokoni. Hakupiga kelele. Unajua desturi yetu, anayekupa kinywaji anaonja kwanza ili uone hakuna kitu. Yeye alikwenda moja kwa moja kwenye kizimba, akaokota yale majani ya viazi yaliyobaki chini, yameshanyauka na kuchafuka, akayaweka mdomoni akaanza kuyatafuna tukimwangalia.

"Minakula mbele ya macho yenu," alisema. "Kama iko sumu, munizike leo."

Alitafuna akameza. Akaokota mengine. Hakuna aliyesogea. Kisha akaniangalia mimi. "Baba Goreti, wewe ulisoma. Sema."

Nikasema, "Sijui, mama. Labda wapelekwe wakapimwe."

Hakukuwa na mahali pa kuwapima, si Rumonge wala karibu na Rumonge, na kati ya watu waliokuwa pale mimi peke yangu ndiye niliyelijua hilo. Wengine waliposikia "wapimwe" walielewa kwamba hata msomi anashuku. Mama Zawadi naye alielewa. Alijifuta mdomo kwa ncha ya kitenge chake akaondoka. Mama yako alimfungulia mlango wa uani bila kumwangalia.

Wageni wa mradi walikuja siku iliyofuata wakanikuta nimefiwa. Sina neno jingine. Walinipa pole, wakaangalia vizimba vitupu, wakasema ni jambo la kusikitisha mtu wa maendeleo kuharibiwa kazi na wivu wa jirani. Sikuwasahihisha. Walinipa pole, kisha wakanipa kazi. Kazi ile ya kufundisha wafugaji, niliyokwenda nayo mpaka Kabezi na kurudi miaka yote ile, ndiyo iliyokusomesha. Sikuambii ili shule yako ionekane chafu. Nakuambia kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nimechoka kukusikia ukiwaambia watu kwamba baba yako alipanda kwa jasho lake.

Mama Zawadi, hakuna aliyenunua tena ndagala zake. Ziliozea kwenye beseni. Zawadi alikuja getini mara moja, unakumbuka au umejisahaulisha, akakuita kwa jina. Ulitoka, ukamwangalia, ukafunga mlango. Nilikuwa dirishani hapa hapa nilipokaa sasa. Ningeweza kusema neno moja tu. Baada ya muda wakahamia Nyanza-Lac, na watu wakasema, mnaona, angekuwa safi angekimbia?

Ninayoyajutia ni mengi, lakini kuna moja linalonirudia kuliko hata yale majani mdomoni mwake. Ulikuwa umeshaanza sekondari. Tulikuwa tunamenya mihogo, ukasema ghafla, bila kuniangalia, "Baba, wale sungura ni mimi niliwaua. Niliwalisha kwa mikono yangu." Nikakushika bega nikakuambia ulikuwa mtoto, hukujua. Nikajiona baba mwema. Kumbe nilikuwa nimekubali. Nilikuambia kwamba ndiyo, uliwaua, ila umesamehewa. Na wewe ukaendelea kuwa vile ulivyo: hupokei hata ndizi kwa jirani, shuleni ulikuwa unabeba maji yako, kwenye arusi unasema umeshiba. Watu wanadhani una maringo. Mimi ninajua ulijifunza wapi kuogopa mkono wa mtu mwema, na ni nani alikufundisha.

Mama yako alikufa akiamini uongo ule. Nilikuwa nimemshika mkono, tukiwa wawili tu, na sikumwambia. Nilijidanganya kwamba sitaki kumsumbua.

Juzi nilimpata Mama Zawadi kwa simu. Wachuuzi wa ndagala wanajuana ziwa zima, haikuwa vigumu. Ningeweza kufanya hivyo miaka yote. Nilimwambia mimi ni nani. Nikamweleza yote, ukungu, majike, gunia, swali langu. Nilikuwa nimeyapanga vizuri na sauti yangu ikatetemeka mahali pake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Sauti yake imekuwa ya kizee. Aliuliza jambo moja tu.

"Mutoto wako anajua?"

Nikasema bado.

"Basi, Baba Goreti, haujasema." Akakata.

Nimekaa na maneno hayo tangu hapo. Nilikuwa nimefikiri kwamba deni langu ni kwake, na kwake ni kweli, lakini yeye aliona haraka kuliko mimi kwamba uongo ule nyumba yake ni wewe. Wewe ndiye unayeubeba, wewe ndiye unayeurudia mezani ukicheka, na kesho utaupeleka Nyanza-Lac, mji anaoishi yeye, na kuwafundisha wafugaji wapya kwamba chakula kile hakina kosa ila walozi.

Chakula kile kina kosa. Ni chakula kizuri, na nakuomba usikiache kwa sababu yangu. Lakini kwenye mvua hakiaminiki. Tengeneza kiangazi, tandaza kwa wembamba, wape wadogo kidogo kidogo. Hayo utayasoma popote. Yasiyoandikwa ni haya: siku moja kutakuwa na watu wakubwa wanakuja, na lundo litakuwa na joto katikati, na mkono wako utajua. Siku hiyo kitupe chote, uwapokee wageni na vizimba vya sungura waliokonda wanaokula majani, useme mvua imenishinda. Ni aibu ya nusu saa. Mimi niliikwepa aibu ya nusu saa, ona nimefika wapi.

Sikutumi kwa Mama Zawadi. Nisingethubutu kukutwisha msamaha wangu kama ulivyokuwa ukitwishwa majani. Ukikutana naye sokoni, mwamkie. Akikataa kuitika, pita zako, ana haki. Kuhusu watu wa hapa, nimemwomba mchungaji nafasi Jumapili, ibada ikiisha, niseme mbele ya wote kwa jina langu na jina lake. Nikishindwa kutembea watanibeba. Yapo yatakayosemwa juu yetu baada ya hapo, na yatakufikia. Ukiulizwa kama ni kweli, sema ni kweli.

Barua za namna hii watu huzificha kwenye begi, mtoto aje kuzikuta akiwa mbali. Nami nilifikiria hivyo. Gari lingekuwa limeshapita, nami ningebaki hapa nikijisifu kwamba nimesema. Ningekuwa nimefanya tena kama siku ile, kutoa neno kisha kumwachia mwingine abaki nalo peke yake. Kwa hiyo nitakupa mkononi ukiingia, nikuombe uketi mbele yangu uisome mpaka hapa. Ukitaka kuuliza, uliza, hata yale ambayo sikuyaandika. Usinionee huruma kwa sababu ya miguu hii. Siku ile ilikuwa na nguvu. Ukitaka kunyamaza, nitakaa na kimya chako. Na ukiamua kuondoka kesho bila kuniaga, nitajua sababu, na sitamruhusu shangazi yako aseme kwamba umenikosea adabu.

Ni mimi niliyewaua, Goreti. Mikono yako ilibeba majani mazuri, kutoka kwa mwanamke aliyekupenda.

Baba yako